Rumours iliuza, Tusk ikabuma: hoja za aliyekuwa mrekodi kanda Mtwara mjini

#1 DekiMbili

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi Jumamosi nilikuwa Shangani kwenye harusi ya mpwa wangu. DJ akachomeka wimbo wa Fleetwood Mac, ile bendi ya roki ya Waingereza na Wamarekani, ule wa dada mwenye sauti kama ana mafua, nikanyanyuka kama nimeitwa jina. Kijana mmoja wa chuo meza ya pembeni akaniuliza, "Mjomba, hao si ndio waliotoa albamu moja kali halafu iliyofuata ikabuma?" Nikamwambia sogeza kiti nikueleze. Spika zikatushinda. Basi nayaandika hapa, na yeye nimeshamtumia linki.

Kuanzia 1993 hadi 2001 nilikuwa narekodi kanda kwenye kibanda jirani na soko kuu hapa Mtwara. Vijana wa simu hamjui hayo mambo. Mteja anakuja na orodha kwenye karatasi ya daftari, anachagua kanda tupu, C-60 au C-90, anaacha hela, anarudi kesho. Bosi wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na deki mbili, pleya moja ya santuri, na boksi la santuri aliloachiwa na Mfini mmoja. Wafini walijaa Mtwara na Lindi miaka ile kwa ajili ya miradi, ya maji na mingineyo. Huyu wa kwetu mkataba ulipoisha mizigo ikamzidi, boksi likabaki. Ndani mlikuwa na Deep Purple, ABBA, vitu vya kwao ambavyo hata majina hatukuweza kusoma, na Fleetwood Mac mbili: Rumours ya 1977 na Tusk ya 1979.

Sasa sikilizeni hesabu. Rumours ina dakika 40 hivi. C-90 ina dakika 45 kila upande. Kwa hiyo Rumours nzima inaingia upande A na nafasi inabaki, unamchomekea mteja wimbo mmoja wa bure anafurahi. Upande B anawekewa Sikinde au Pepe Kalle. Kanda moja, nyumba nzima imeridhika.

Tusk ni santuri 2, nyimbo 20, saa moja na robo hivi. Inakula kanda yote. Halafu ni kazi: lazima nisimame mara tatu kugeuza na kubadilisha, siwezi hata kwenda kunywa chai. Umeme ukikatika kwenye upande wa nne wa santuri naanza upya, maana sauti inazama katikati ya wimbo kama mtu anayesinzia. Bosi akaipandishia bei. Mteja anashangaa, "Yaani hela ya kanda nzima, Wazungu peke yao?" Anaondoka na Rumours.

Kwa kile kibanda tu nilishaanza kuelewa Marekani kulitokea nini. Naendelea jioni, kuna wateja dukani.

#2 Kambi_Ligula

Nimeweka kambi. Chai ipo, chapati zipo.

#3 Bint_Mikindani

Shikamoo mjomba DekiMbili. Hesabu ya kanda nimeipenda, ila kuna kitu umekiruka. Rumours ilikuwa taarab.

Msinicheke. Angalieni nani alikuwa ndani ya ile bendi. John McVie na Christine McVie, mke na mume, ndoa inavunjika. Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, wapenzi wa siku nyingi, wameachana. Mick Fleetwood naye kwake kunawaka moto. Na wote hao wamefungiwa studio moja wanarekodi. Mwanaume anamrushia mwenzake maneno kwa wimbo, mwanamke anamjibu kwa wimbo wake, kwenye albamu hiyo hiyo, tena mwanaume ndiye anayempigia gitaa huku anasemwa! Hiyo ni mipasho ya mchana kweupe. Ikakaa namba 1 Marekani wiki 31, ikabeba Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Ukishauza ugomvi kiasi hicho, safari inayofuata unauza nini? Watu wameshajua nani kamwacha nani. Kanga hiyo imeshavaliwa.

#4 MzeeWaChuno

Hiyo 1979 mnayoitaja, sisi wengine tulikuwa watu wazima. Vita vya Kagera ndiyo vinaisha, mafuta ya gari ya shida, sabuni kwa foleni, kitenge kwa kibali. Mtu angekuja na habari za Tusk angepigwa.

#5 DekiMbili

Marahaba Bint_Mikindani. Hapo kwenye taarab umenizidi, miaka yote ile sikuwahi kuliona hivyo.

Mzee wa Chuno shikamoo. Umetania lakini umegusa penyewe, maana hata Marekani 1979 haukuwa mwaka wa raha. Mapinduzi ya Iran yalipandisha bei ya mafuta, na santuri ni plastiki inayotokana na mafuta hayo hayo. Mauzo ya muziki kule, yaliyokuwa yanapanda mwaka hadi mwaka, yakageuka yakaanza kushuka. Maduka nayo yalikuwa yameshaungua vidole: Septemba 1978 wale Kiss wa kupaka nyuso rangi walitoa albamu 4 siku moja, kila mwanabendi na yake, zikasambazwa kwa mamilioni na nyingi zikarudi bohari. Ndani ya hali hiyo Fleetwood Mac wanaleta albamu ya santuri mbili kwa dola 15.98, wakati santuri moja ya kawaida ilikuwa dola 7 au 8 hivi. Ni kile kile cha kibandani: hela ya kanda nzima.

Jambo la pili ni redio. Mtandao mmoja mkubwa wa redio kule, RKO, ulipiga Tusk yote mwanzo mpaka mwisho kabla haijashuka madukani. Mwenye deki akaweka kanda tupu, akabonyeza nyekundu, kamaliza. Mick Fleetwood mwenyewe aliitaja hiyo kama sababu ya mauzo kuwa madogo. Mimi niliyelishwa na kurekodi kwa miaka 8 siwezi kumbishia kwa sauti kubwa. Ila nafikiri ile redio ilifanya kitu kingine kibaya zaidi kwao: iliwaonjesha watu kabla ya kulipa.

Nitawapa mfano. Kulikuwa na mama mmoja wa Chikongola, muuza vitumbua, mteja wangu wa Rumours. Kanda yake ilichakaa akarudi nimrekodie tena, kisha tena. Siku moja nikamwambia mama, hawa watu wana albamu iliyofuata. Akauliza swali moja tu: "Yule dada anaimba vile vile?"

Nikamwekea. Wimbo wa kwanza wa Tusk ni wa Christine McVie, wa taratibu, mtamu. Mama anatikisa kichwa, mkono uko kwenye pindo la kanga ilipofungwa hela. Ukaingia wimbo wa pili, wa Buckingham. Gitaa linakwaruza, sauti imejibanza, ngoma kama mtu anagonga boksi. Na kweli kwenye ile albamu jamaa aligonga boksi la tishu badala ya ngoma, na sauti nyingine alirekodi bafuni. Mama akainama kuitazama mashine. Akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, deki yako inakula kanda."

Akafunga kanga yake akaondoka.

Yule mama hakuwa mpenzi wa Fleetwood Mac. Alikuwa mpenzi wa nyimbo tatu nne. Rumours iliuza hivyo ilivyouza, zaidi ya nakala milioni 40 hadi leo, kwa sababu iliwafikia akina mama wa vitumbua wa dunia nzima, watu wanaonunua albamu moja kwa miaka mitatu. Hao huwezi kuwaita mashabiki. Walipita tu wakakuta kitu kizuri. Albamu ya pili inapotoka wenye bendi wanadhani wale wote bado wamesimama mlangoni wanasubiri.

#6 Newala_Juu

Mkuu hii ni korosho kabisa. 2017 mnadani kilo ilipita shilingi 4,000. Jirani yangu alinunua pikipiki mbili na hajui kuendesha hata moja. Msimu uliofuata bei za mwanzo zikakataliwa, mpaka Serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300, na watu wakalia korosho imekufa. Wakati 2012 mtu angekuambia utauza 3,300 ungemchinjia mbuzi. Mkulima wa Newala tangu hapo kila msimu anaupima kwa 2017. Tusk nayo imepimwa kwa 2017 yake.

#7 Kambi_Ligula

Haupiti uzi wa watu wa Ntwara bila korosho kuingia. Nilikuwa nahesabu, tumefika posti ya sita.

#8 SanturiTatu

Naomba nipinge kidogo wakuu, maana naona albamu inatetewa kama ndugu. Kuna albamu inauza kidogo kwa sababu wenyewe wameharibu.

Chukueni bendi ya Queen. Freddie Mercury mtoto wa Unguja, kazaliwa 1946, huyo ni wetu hatuna haja ya kubishana. 1980 wanatoa The Game. Inakuwa namba 1 Marekani, nyimbo mbili ndani yake nazo zinafika namba 1 kule, mmojawapo ule wenye besi ya John Deacon unaojulikana mpaka na mtoto wa darasa la pili. Dunia iko mikononi. 1982 wanakuja na Hot Space, upande wa kwanza wote ni dansi, gitaa la Brian May limewekwa kabatini, vinanda na ngoma za mashine. Marekani iliishia namba 22. Kule kwao Uingereza ilifika namba 4, afadhali. Mwaka huo ndio waliozunguka Marekani kwa mara ya mwisho Freddie akiwa hai.

Hapo msiniambie mafuta ya Iran wala redio. Mashabiki wa roki Marekani walikuwa na chuki na disko ya wazi kabisa. Julai 1979 kule Chicago walikusanya santuri za disko uwanja wa besiboli wakazilipua, watu wakavamia uwanja, mechi ikavunjika. Unalijua hilo, halafu unawapelekea hao hao albamu ya dansi?

#9 Naliendele_Kid

@SanturiTatu sahihisho dogo: kati ya The Game na Hot Space kuna Flash Gordon, Desemba 1980. Muziki wa filamu lakini ni albamu yao. Kwa hiyo "iliyofuata" siyo Hot Space.

Halafu swali. Kama tatizo ni dansi, mbona huo wimbo wa besi ni dansi mtupu na ndio uliowauzia The Game?

#10 SanturiTatu

Flash Gordon nimekubali. Nani aliinunua lakini?

Swali la pili: hiliki kwenye chai unaisifia. Ukiletewa kikombe cha hiliki tupu unauliza chai iko wapi.

#11 Naliendele_Kid

Haya, hilo limeingia. Ila tuongeze bendi ya Pearl Jam hapo maana wanasaidia hoja ya DekiMbili kuliko yeye mwenyewe. Albamu yao ya kwanza, Ten, ilitoka 1991, ikapanda polepole, mwishowe milioni 13 Marekani peke yake. Ya pili, Vs., ikaja Oktoba 1993, ikauza karibu nakala 950,000 siku tano za kwanza, hakuna albamu iliyokuwa imewahi kufanya vile. Lakini ukijumlisha miaka yote imeishia milioni 7. Maana yake nini? Zile siku tano watu walikuwa wanailipa Ten. Vs. yenyewe ilianza kuuzwa wiki ya pili. Na safari hii jamaa walikataa hata kutengeneza video, hawakutaka tena ule umati.

#12 Bint_Mikindani

"Zile siku tano watu walikuwa wanailipa Ten." Kaka hiyo nimeiandika pembeni.

Ila mjomba, kwa huyo mama wa vitumbua, mbona naona kama unamlaumu? Hela ni yake, masikio yake.

#13 DekiMbili

Simlaumu hata kidogo, binti. Nilikuwa namuuzia, ningemlaumuje?

@SanturiTatu umesema kweli kuhusu Queen na sina ugomvi nawe. Kuna albamu inakosewa. Lakini kwa Tusk nina ushahidi mmoja ambao kila nikiutoa watu wananyamaza. Baada ya Tusk, kampuni na wenzake walimbana Buckingham aache majaribio. 1982 wakatoa Mirage. Laini, tamu, santuri moja, bei ya kawaida, nyimbo kama za Rumours. Ikakaa namba 1 Marekani wiki 5. Kila kitu tulichosema kilikosekana kwenye Tusk, Mirage ilikuwa nacho. Na bado haikuigusa Rumours hata kwa mbali. Kama ubaya ulikuwa boksi la tishu, basi lilipoondolewa yule mama angerudi. Hakurudi. Alishapata kanda yake.

Na msisahau Tusk imeuza nakala kama milioni 4 duniani na kutoa nyimbo mbili zilizoingia kumi bora Marekani. Bendi ngapi zingelia kwa furaha? Iliitwa kubuma kwa sababu kuirekodi kuligharimu zaidi ya dola milioni 1, kitu ambacho hakikuwa kawaida kabisa kwa albamu ya roki siku hizo, na mtu aliyesaini hiyo hundi alikuwa na Rumours kichwani.

Nikiwa hapo niseme na ya kwetu, maana Tusk ilikuwa na mkosi wa ziada hapa Mtwara ambao Marekani hawakuwa nao.

Kwanza picha. Majalada tulikuwa tunayabandika ukutani mteja achague kwa macho. Rumours ina mwanaume mrefu na dada kavaa magauni meusi yanapepea, watu wanaiulizia bila kujua ni muziki gani. Tusk ina mbwa anang'ata suruali ya mtu. Mji wenyewe huu wa swala tano, mteja anatoka msikitini na udhu wake, anakutana na mbwa ukutani. Bosi akaligeuza jalada, akatafuta picha za ndani.

Pili jina. Kwenye kanda tulikuwa tunaandika majina kwa kalamu, na bosi alipenda kutafsiri ili mteja aelewe. Rumours aliandika UVUMI, ikauzika mpaka kwa watu wasiojua hata neno moja la Kiingereza. Sasa Tusk ni pembe ya ndovu. Huku Kusini, Selous iko hapo, na Operesheni Uhai ya 1989 watu walikuwa bado wanaikumbuka ilivyozoa watu kwa sababu ya meno ya tembo. Nikaandika PEMBE kwenye kanda ya kwanza. Bosi akaikwangua kwa wembe. "Unataka mtu akamatwe Kibiti kwenye basi anaulizwa umebeba nini, ajibu nimebeba pembe?" Akaniambia niandike kama inavyotamkwa. Nikaandika TASKI. Basi watu wakauliza hii kanda ya madereva wa teksi ina nini.

#14 Newala_Juu

Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia.

#15 MzeeWaChuno

Huyo bosi wako nilimfahamu. Alikuwa muoga lakini mwenye akili.

#16 Bint_Mikindani

Subiri. TASKI kwa herufi kubwa, wino wa bluu, na S mbili... hapana, S moja lakini imepinda kama namba 5?

#17 DekiMbili

S zangu zote ni 5. Mwalimu wa hesabu alinichapa kwa hilo. Kwa nini?

#18 Bint_Mikindani

Iko kwetu Mikindani. Ni ya marehemu kaka yangu mkubwa, alikuwa anafanya kazi bandarini hapo mjini. Iko kwenye bati la biskuti pamoja na kanda za kaswida na vyeti vya kliniki. Nilidhani ni tangazo la teksi, sijawahi kuisikiliza. Mama ana ile redio kaseti bado inafanya kazi ukiigonga ubavuni. Nipeni nusu saa.

#19 Kambi_Ligula

Hakuna kulala leo.

#20 DekiMbili

Binti, usibonyeze kwa haraka. Tia kalamu ya biki kwenye tundu, zungusha taratibu kwanza kanda ilegee. Halafu futa hedi ya redio kwa pamba yenye spiriti. Anza na upande B, karibu na mwisho kuna wimbo wenyewe wa Tusk. Utasikia matarumbeta, ni bendi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Los Angeles, USC, zaidi ya watu 100, walirekodiwa uwanja wa besiboli. Babu zetu wa pwani waliocheza beni, ile ngoma ya matarumbeta, wangewaelewa hao vizuri kuliko Wamarekani walivyowaelewa.

#21 Bint_Mikindani

Nimerudi. Upande A kaka alirekodi juu yake, ni mpira, mtangazaji anapiga kelele na sijui hata ni timu gani. Upande B upo mzima.

Mjomba, matarumbeta nimeyasikia. Mama kauliza ni maulidi ya wapi. Huu wimbo ni wa ajabu na ni mzuri, nimeurudisha mara mbili. Ila katikati, matarumbeta yakishapamba moto, kuna mahali yanazama. Yanakuwa mazito, kama watu wote mia wanasinzia pamoja, halafu ghafla yanaamka mbele ya wimbo. Ndivyo walivyoupiga?

#22 DekiMbili

Hapana. Huo ni umeme. Ilikuwa kama saa saba mchana, zimebaki nyimbo mbili, na sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilimwambia kaka yako kuwa ndivyo walivyoupiga.